Ng'ombe wa Dabaso Wanalala Bara

Mgeni akifika Dabaso huonyeshwa bahari. Huonyeshwa mikoko ya Mida, kaa wanaofugwa ndani yake, daraja la mbao linaloyumba juu ya maji ya kujaa na kupwa, na ndege waliokuja kukimbia baridi ya Ulaya. Akivuka lami huonyeshwa msitu wa Arabuko Sokoke, na akisogea kidogo huonyeshwa magofu ya Gede, ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Ng'ombe hawamo katika ziara hiyo. Atakaowaona ni wawili watatu waliofungwa kamba chini ya mkanju, mbavu nje, wakitafuna majani ya kandokando ya barabara.

Lakini keti kwenye kikao cha posa katika kijiji hicho hicho, na baada ya soda ya kwanza utasikia ng'ombe wakitajwa. Mimi ni mtu wa Mombasa niliyeoa Dabaso, na kwa miaka mingi nilidhani ng'ombe wa wakwe zangu ni wa maneno tu, wa kuhesabia mahari. Mpaka shemeji, kaka wa mke wangu, aliponiambia: "Shemeji, kesho nenda nami bara ukawaone. Tena utanisaidia kubeba chumvi."

Ilikuwa mwisho wa kaskazi, mvua za mwaka bado. Tulitoka na bodaboda mpaka njiapanda ya Gede, tukashika matatu ya Malindi, na kule tukahamia gari la abiria linalokwenda njia ya lango la Sala. Kati yetu tulikuwa na gunia la chumvi ya mawe, pampu ya mgongoni ya kunyunyizia kupe, kamba, unga, na kijisanduku cha barafu chenye dawa za ng'ombe. Kondakta alitaka kutoza gunia nauli ya mtu. Shemeji akamwambia gunia lenyewe ni jepesi kuliko yeye kondakta. Tukalipa nusu.

Ukitoka Malindi kuelekea bara unapita Ganda, kisha Jilore na Kakoneni, halafu Langobaya, na nchi inabadilika kwa haraka inayoshangaza mtu wa pwani. Minazi inapungua, maembe yanapungua, mchanga mweupe unakuwa udongo mwekundu, na mwishowe pande zote ni vichaka vya miiba na mbuyu mmojammoja. Mto Sabaki unakufuata mkono wa kulia, mara unauona, mara umepotea nyuma ya mikoma. Karibu na Baricho kuna visima na mabomba makubwa yanayopeleka maji ya mto huo Malindi, Kilifi na hata Mombasa kwetu. Nimeyanywa maji hayo maisha yangu yote bila kujua yanatoka nchi ya namna gani.

Njia hiyo pia ndiyo ya Shakahola, katika ardhi ya ranchi ya Chakama, ambako tangu mwaka 2023 ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, wengi wao waliofunga mpaka wakafa. Garini maongezi yalikatika tulipopita, na hakuna aliyenionyesha kidole ni wapi. Jambo moja shemeji alinong'ona, nami nalitaja kwa sababu linahusu mada yangu: ardhi kubwa isiyokaliwa na mwenyewe, yeyote anaweza kuingia na kufanya lolote bila kuulizwa.

Zizi la wakwe zangu liko mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka barabarani. Siyo ranchi ya sinema, yenye geti na jina juu ya nguzo mbili. Ni boma la miiba lenye vyumba vitatu: cha majike, cha maksai na madume, na kidogo cha ndama. Pembeni kuna nyumba za udongo za wachungaji, na bwawa la maji ambalo hapa huitwa silanga, lililochimbwa kwa mchango wa ukoo. Mbele ya mlango, chini ya mgunga, alikaa mzee ambaye kila mtu humwita Tsawe, yaani babu. Ni babu mdogo wa mke wangu. Alinishika mkono, akaangalia viatu vyangu vya raba, kisha akamuuliza shemeji kwa Kigiriama kama huyu bwana anajua kukama. Hajui, shemeji akajibu. "Basi atashika tochi," akasema mzee.

Nikashika tochi.

Usiku ule ndipo nilipoelewa historia ya mali hii. Baba wa Tsawe alikuwa mtu wa kandokando ya Sabaki. Mwaka 1914 serikali ya Waingereza iliwaamuru Wagiriama wahame ng'ambo ya kaskazini ya mto, wakagoma, vita vikatokea. Ndivyo vita ambavyo jina la Mekatilili wa Menza limebaki navyo. Nyumba zilichomwa, na Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000. Katika ukoo huu wanasimulia kwamba ng'ombe walivushwa mto usiku na kufichwa kwa marafiki Waorma, na kwamba waliorudi ndio mbegu ya zizi hili. Miaka ya baadaye, skimu ya makazi ya Gede ilipoanzishwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, sehemu ya familia ikashuka pwani kupata shamba. Ng'ombe hawakushuka. Huko kulikuwa na mihindi na mikorosho ya watu, na msitu wenye mbung'o. Kwa hiyo familia ikajigawa: wa mnazi na mkanju wakakaa Dabaso, wa ng'ombe wakabaki bara, na kila upande ukawa unamlisha mwenziwe. Mgawanyo huu si wa ukoo huu peke yake. Wagiriama wengi wa ukanda wa minazi wamekuwa wakiweka mifugo yao kwa jamaa wa bara, anayechunga akinywa maziwa.

Na hapa pana jambo lililonifanya nitake kuandika. Shamba la Dabaso lilikuwa ekari 12. Limegawanywa kwa wana, wana wakagawia wana, vipande vikauzwa kwa ajili ya karo, hospitali na pikipiki, na leo mke wangu na ndugu zake wana ploti ambayo ukisimama katikati unaweza kumrushia jirani kiberiti. Shamba hilo lina hati, ramani na mawe ya mpaka. Zizi la bara halina hata karatasi moja ya ardhi, na bado ni moja. Kizazi cha nne sasa wanakula kutoka humo.

Nilimuuliza Tsawe imekuwaje. Alicheka, akasema ng'ombe huwezi kumpigia jiwe la mpaka. Lakini shemeji ndiye aliyenieleza vizuri zaidi, tukiwa tumelala nje kwa sababu ya joto. Ng'ombe wote wana chapa moja ya moto pajani na mkato mmoja wa sikio. Ndani ya chapa hiyo, hata hivyo, kila jike lina nyumba yake. Aliyeolewa kwa ng'ombe wa nyumba fulani, ng'ombe wanaokuja siku binti yake anapoposwa huingia nyumba hiyo, na kaka yake wa tumbo moja ndiye atakayeolea hao. Kwa hiyo kila kijana anajua ni dada yupi aliyemwezesha, na kila dada anajua ni kaka yupi asiyethubutu kumfukuza akirudi nyumbani na shida. Madume na maksai ni ya wote. Wakiuzwa, fedha hutoka kwa haja za wote. Jike haliuzwi mpaka kikao kikae.

Mpango huo unapendeza ukisimuliwa usiku. Mchana una makali yake. Mke wangu, kwa mfano, katika zizi hilo ni mlango wa ng'ombe kuingilia, si mwenye ng'ombe. Nilipokwenda Malindi baadaye nikamuuliza wakili mmoja ninayemfahamu, akanikumbusha kwamba Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, haitofautishi binti na mwana, ila ilipoanza ilitenga wilaya kadhaa za wafugaji ambako ardhi ya kilimo na mifugo viliachiwa mila. Tana River na Lamu zimo kwenye orodha hiyo, Kilifi haimo. Maana yake ng'ombe wa wakwe zangu wakilala upande huu wa mpaka wa kaunti, binti anarithi kwa sheria. Wakifuata majani mpaka Tana River, mtu anaweza kubishana naye. Na ng'ombe hawa huvuka mpaka huo kila kiangazi.

Asubuhi tulifanya kazi. Sitaipamba: ni kazi ya mavi, jasho na kupigwa mateke. Wachungaji wawili walimbana kila ng'ombe kwenye mlango mwembamba, shemeji akanyunyiza dawa ya kupe kuanzia masikioni, makwapani, chini ya mkia, huku mjukuu wa Tsawe, binti wa miaka ishirini na kitu mwenye cheti cha afya ya mifugo, akidunga sindano. Zamani serikali ilikuwa na majosho, na ng'ombe wa mtaa mzima walizamishwa humo kila wiki. Majosho mengi ya Kenya yalikufa wafugaji walipoachiwa gharama, na sasa kila mtu ni josho lake mwenyewe. Kupe wasipouawa huleta ndigana kali, ugonjwa ambao Wazungu waliuita kwa jina la pwani yetu, homa ya Pwani ya Mashariki. Robert Koch alikwisha kuviona vijidudu vyake katika damu ya ng'ombe wa Dar es Salaam kabla mwaka 1900 haujafika. Chanjo yake ilitengenezwa hapa hapa Kenya, Muguga, ila inahitaji kugandishwa kwenye mtungi maalumu na mtu aliyefundishwa, na vyote viwili ni adimu ukishatoka kwenye lami.

Adui mkubwa zaidi huku ni mbung'o na nagana yake. Binti alinionyesha ng'ombe aliyeshikwa: nywele zimesimama, machozi yanatoka, tezi za bega zimevimba, na ingawa anakula hanenepi. Tiba ni Berenil, kinga ni Samorin kila baada ya miezi miwili mitatu, na zote mbili zikitumiwa ovyo vijidudu huzizoea. "Watu wanapima kwa macho," alilalamika. "Ng'ombe wa kilo mia tatu anapewa dawa ya kilo mia mbili ili chupa iwatoshe na wa jirani. Kisha wanasema dawa ni feki." Yeye ana utepe wa kupimia kifua. Tsawe anauita utepe huo kamba ya fundi cherehani, lakini nilimwona akiuliza umesema kilo ngapi.

Kuhusu mbegu, babu na mjukuu wamevutana miaka kadhaa. Ng'ombe wa asili wa huku ni zebu wadogo, wagumu, wanaochukua miaka minne au mitano kufika uzito wa sokoni. Vijana walichanga wakanunua dume la Boran, jamii iliyotoka kusini mwa Ethiopia na kusafishwa na wafugaji wa ranchi za Kenya, ambao chama chao kilianzishwa mwaka 1951. Dume kamili la Boran linaweza kupita kilo 600. Ndama wake walikuwa warefu na wa kupendeza, na wengi walikufa kwa nagana. Jibu lilikuwa jirani kabisa. Miaka ya 1980, watafiti waliolinganisha makundi ya ng'ombe katika ranchi ya Galana waliona kwamba Boran wa Waorma, waliokaa na mbung'o vizazi na vizazi kando ya Tana, walistahimili nagana kuliko Boran wa ranchini. Binti alisoma hilo chuoni. Tsawe alikuwa akilijua bila chuo, maana baba yake alificha ng'ombe kwa watu hao hao. Dume walilo nalo leo lilitoka kwa Waorma kwa kubadilishana na majike mawili, na kila mmoja wao wawili anadai wazo lilikuwa lake.

Jioni tulipanda kilima kidogo tukaona ng'ambo ya mto. "Ile ni Galana," shemeji akasema, akizungusha mkono kama mtu anayeonyesha bahari. Galana na Kulalu kwa pamoja ni ekari milioni moja na robo tatu hivi, mali ya Shirika la Maendeleo ya Kilimo, ADC. King Ranch ya Texas, ranchi inayotajwa Marekani nzima, ina ekari kama 825,000, na iko mikononi mwa kizazi cha Richard King aliyeianzisha mwaka 1853. Yetu ni zaidi ya mara mbili yake. Lakini ni ya kizazi cha nani?

Kabla ya ng'ombe, nchi ile ilikuwa ya Wawaata, wawindaji wa tembo kwa pinde ndefu na sumu. Kuelekea uhuru serikali ilijaribu mpango wa uwindaji halali uliowahusisha. Miaka ya 1960 ikielekea kuisha, Galana ikakodishwa kwa kampuni binafsi ambayo mmoja wa wakuu wake alikuwa Martin Anderson, Mmarekani. Alikuja kuandika kitabu kizima juu ya miaka hiyo, kilichotoka mwaka 2013. Walifuga Boran kwa maelfu na hata kujaribu kuwafuga choroa, pofu na nyati. Wasimamizi walikuwa hodari, nadhani, na walikuwa na fedha. Miaka ya 1980 ikiisha ranchi ikarudi serikalini. Mwaka 2014 likaanzishwa humo shamba la mfano la ekari 10,000 za mahindi ya kumwagilia, na ndoto ya kufika ekari milioni moja. Tsawe ameyaona yote hayo kutoka kwenye kilima kile. Wakubwa wa kila awamu, anasema, walikuwa watu wazuri, ila hakuna aliyekuja na mjukuu wake.

Sitaki kumfanya mzee mtakatifu. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, na bara ya Kilifi ilikuwa uwanja wa mizoga. Silanga ilikauka. Ng'ombe mzima huhitaji lita 30 hadi 50 za maji kwa siku. Wachungaji walikuwa wakiwashusha mtoni siku moja na kuwarudisha majanini siku ya pili, na waliokuwa dhaifu walibaki njiani au kuliwa na mamba. Mjukuu alikuwa ameomba tangu mwanzo maksai wauzwe wakiwa na nyama. Kikao kilikaa, Tsawe akakataa, akisema mvua iko karibu. Miezi baadaye madalali walikuja zizini wakatoa bei ya mbuzi kwa ng'ombe. Katika ukoo ule huo ni mwaka unaotajwa kwa sauti ya chini. Idadi ya waliokufa siitaji, maana niliombwa nisiitaje. Kuhesabu ng'ombe hadharani bado si adabu.

Ila wanahesabiwa. Baada ya ukame ule kikao kilimkabidhi mjukuu daftari. Ndani yake kila jike lina ukurasa: nyumba yake, mama yake, ndama zake, sindano zake. Shemeji, anayefanya kazi hotelini Watamu, hupokea picha za ndama kwa simu na kutuma fedha za dawa kwa M-Pesa, na kiasi kinaandikwa. Kanuni mpya ni kwamba maksai wote waliotimiza umri huuzwa kabla Januari haijaisha, mvua iwe karibu au mbali. Kikao kilipitisha hilo mzee akiwa kimya, na kwa desturi yao kunyamaza kwa mkubwa huhesabiwa kuwa amekubali.

Usiku wa mwisho nilimuuliza binti, tukiwa peke yetu jikoni, kama anajua kwamba kwa mila kundi hili halitakuwa lake. Aliendelea kukoroga uji. "Shemeji," akasema, "kwa mila ni la kaka zangu. Kaka yangu mmoja yuko Doha, mwingine anaendesha tuktuk Malindi. Chapa ninayo mimi." Na kweli chuma cha chapa kilikuwa kimesimama nyuma ya mlango wa chumba chake.

Nilirudi Dabaso na lita tano za maziwa ya mgando, zikapokelewa kwa shangwe kuliko mimi mwenyewe. Mke wangu alisoma kurasa nilizopiga picha, akakuta jike lililoandikwa nyumba ya mama yake, akauliza ndama wake wako wapi. Wawili wapo, mmoja alikufa mwaka 2022. Alitaka kujua nani aliamua.

Wenye mifugo bara na makazi pwani ni wengi kuliko tunavyodhani, na wazee wanaokumbuka ng'ombe yupi ni wa nyumba ipi wanaondoka. Kama ukoo wako una zizi mahali fulani nyuma ya Ganze, Magarini au Kinango, nenda kabla ya mvua, chukua chumvi na daftari, uwaulize wakiwa bado wanajibu. Na mkifika kwenye jina la dada au binti, liandikeni. Nauli ya gunia mtapatana na kondakta.